Damu ya Chini ya Bawa

Undu za kuku wetu zilipoanza kupauka, mama alisema ni joto la Malindi. Mimi nilishuku koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Tulikuwa na kuku wa nyama 200 nyuma ya nyumba, huko Ganda, wa siku 19, na kila alfajiri niliinama kwenye maranda nikitafuta kinyesi chenye damu. Sikukiona, na bado walikufa 11.

Daktari wa mifugo alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, wanakula nini hawa?"

Chakula cha dukani kilikuwa kimepanda bei, kwa hiyo mama alikizidishia pumba za ngano na mashudu ya nazi, zaidi ya nusu ya gunia. Daktari akamlaza kuku mmoja ubavu, akamkunjua bawa, akanyonyoa vinyoya kwenye kiungo mpaka mshipa ukaonekana. Damu ilitoka nyepesi mno. Jioni akapiga simu: chembe nyekundu ni asilimia 18 tu ya damu, na kuku mwenye afya huwa kati ya 22 na 35.

Kesho yake alikaa nasi chini ya mwembe akatueleza. Pumba zina asidi ya fitiki, ambayo huyashika madini, fosforasi na hata chuma, isiyaachie. Tumbo la kuku halina kimeng'enya cha kutosha cha kuyakomboa. Akatuachia unga wa fitesi, yaani kimeng'enya hicho, gramu 10 kwa kilo 100 za chakula, akataka na pumba zipunguzwe.

"Uchanganye kwanza na kilo moja, ndipo uutandaze kwenye gunia. Na usipike, mama."

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mama alikuwa na desturi ya kuwapikia uji mzito, kama bibi alivyofanya.

"Mwanangu, tangu lini mgonjwa akalishwa kibichi?"

"Kimeng'enya ni protini, mama," daktari akajibu. "Moto ukikipata kinaharibika, utakuwa umetupa pesa."

Alinyamaza. Usiku nilimsikia akiipangusa sufuria na kuirudisha darini.

Siwezi kusema ni unga peke yake uliowaponya, maana pumba nazo tulizipunguza. Ila daktari aliporudi baada ya wiki mbili, mama ndiye aliyemshika kuku na kumkunjua bawa, akauliza kabla sindano haijaingia, "Leo utanisomea ngapi?"

Ilikuwa 27.