Okidi isiyo na jani

Leo asubuhi nimekuta mizizi ni ya kijani kuanzia juu mpaka ncha, nikajua mvua ya usiku imeifikia sawasawa. Kwa mmea huu mizizi ndiyo kila kitu. Microcoelia exilis haina jani hata moja. Ina kashina ambako hukaoni mpaka ukatafute, na kutoka hapo inatawanyika mizizi mirefu, myembamba, ya rangi ya majivu. Hiyohiyo ndiyo inayoshika gome, inayokunywa maji na inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kazi ambayo mimea mingine imeyaachia majani.

Shangazi, ambaye tunaishi naye hapa Tanga, hajakubali. "Kuni zote tulizonazo, mwanangu, hizo ndizo unazomwagilia?" Wala simlaumu. Ikiwa kavu, inafanana na nyuzi zilizochomoka kwenye mkeka wa zamani. Okidi zinazosifiwa nchini ni zile za Kitulo, huko nyanda za juu kusini, pale wanapopaita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005. Hii ya kwetu inaota pwani, kutoka Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, na jina la kisayansi ilipewa na mtaalamu wa mimea Mwingereza, John Lindley, tangu mwaka 1830. Watu wanapita chini yake kila siku wakienda kisimani, hakuna anayeinua macho.

Wangu ulikuja na mwembe mzee uliokatwa kupisha ujenzi. Sikuubandua. Niliomba kipande cha tawi na gome lake, mizizi ikiwa imeng'ang'ania vilevile, nikakitundika kwa waya barazani, upande unaopata jua la asubuhi. Fundi aliyekuwa akikata alidhani nautoa mti ugonjwa. Wengi wanaamini kitu kinachoota juu ya mti lazima kiwe kinaunyonya, lakini okidi hii kwa mwembe ni mpangaji tu: haichomi mizizi ndani ya mti, haili utomvu wake.

Naulizwa sana natumia udongo gani. Situmii. Ukiizika mizizi hii, au ukaifunika kwa makumbi, itaoza, kwa kuwa inataka kulowa upesi na kukauka upesi. Na huko gizani itapikia wapi chakula? Juu yake kuna tabaka la seli zilizokufa zinazofyonza maji papo hapo. Tabaka hilo likikauka hujaa hewa, ndipo unaona ule weupe wa majivu. Likilowa linaruhusu mwanga kupita, na kijani cha ndani kinajitokeza ukiwa umesimama hapohapo na chupa ya kunyunyizia mkononi. Mimi hutumia maji ya mvua niliyokinga, maana kisima chetu kina chumvi.

Kupiga picha ndiko kunakonitoa jasho. Ua halifiki milimita 3, jeupe, na nyuma yake limebeba kifuko cha mviringo. Yanakaa kwa makumi kwenye kikonyo chembamba kinachotikisika hata mtu akipumua. Nakishika kikonyo kwa kibanio cha nguo, natega kitambaa cheusi nyuma, nabandika lenzi ya kukuzia kwenye simu. Halafu napunguza mwangaza, kwa sababu simu ikiona weusi mwingi inajitahidi kuung'arisha na petali zinageuka chokaa. Mdomo wa ua ukitokea vizuri, kifuko kinakuwa ukungu. Basi napiga nyingi huku nasogeza simu kidogo kidogo, kisha kwenye kompyuta naziunganisha, kila moja itoe sehemu yake iliyo wazi. Kusi likianza kuvuma, nafunga kazi.

Siku hizi naweka punje ya mchele kando ya ua. Picha zilizokuzwa bila kipimo zinadanganya: mtu anadhani ni ua la kuchomeka nyweleni, halafu anatuma ujumbe kuuliza bei. Siuzi. Biashara ya okidi za porini kuvuka mipaka inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na hata bila mkataba, mmea ulioparuliwa kwenye gome mara nyingi haufiki mbali. Kusema kweli, picha ninayoipenda zaidi haina ua: ni mzizi mmoja uliolowa nusu, upande majivu, upande kijani.

Juzi nimeona kwenye kikonyo cha zamani tunda moja limevimba. Kuna mdudu alinitangulia kulifikia ua, akalichavusha. Ndani kuna mbegu laini kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula, ambazo haziwezi kuota bila kukutana na kuvu anayezilisha. Likianza kupasuka nitalipeleka kwenye mwembe wa jirani, ambako okidi kama hii imeshaota, nizipulizie kwenye gome. Shangazi ameshaniwekea sharti: siku hiyo nisubiri kwanza aanue nguo.