Anwani ya bure na aibu niliyojitwisha

"Kumbe bado uko kwenye hizi za bure?"

Aliyeniuliza ni mwandishi mwenzangu, tena ninayemheshimu. Nilikuwa nimempa simu asome makala niliyoihangaikia wiki nzima. Macho yake hayakufika hata kwenye kichwa cha makala. Yaligota juu kabisa, penye anwani, alipoliona neno blogspot, mwisho wa anwani za bure za Blogger, huduma ya blogu ya Google, akanirudishia simu na lile tabasamu la mtu anayekuonea huruma. Makala hakuisoma mpaka leo.

Nilikuwa na miaka mitano ya kuandika pale, makala zaidi ya mia mbili, na sikumbuki msomaji hata mmoja aliyewahi kulalamikia anwani. Lakini aibu haifanyi hesabu. Usiku uleule nilisajili domeni, yaani jina langu la anwani, nikalipia nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, ya kampuni moja, nikapakia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Nikajiambia, sasa na mimi nina kwangu.

Hapo ndipo nilipoteleza, na nadhani hata wanaotucheka huteleza papo hapo. Domeni ni jina, seva ni nyumba. Jina unaweza kulisajili leo ukalielekeza kwenye nyumba yoyote, ya kulipia au ya bure. Mimi nilichekwa jina, nikakimbilia kujenga nyumba.

Na nyumba ina kazi zake. Programu ya WordPress yenyewe hailipiwi, ila ukishaiweka kwenye seva uliyokodi, wewe ndiye fundi, mlinzi na mfagizi. Kila ukiingia unakuta programu-jalizi, vile vipande vya kuiongezea tovuti kazi, zinadai kusasishwa. Ukisasisha hii, ile inagoma. Kuna usiku nilisasisha moja ya kushughulikia picha, asubuhi nikakuta tovuti nzima imekuwa ukurasa mweupe, hauna hata nukta. Mlango wa kuingilia kwenye mitambo nao mweupe. Nilitumia siku mbili kuingia kwenye mafaili ya seva na kubadilisha majina ya mafolda ya programu-jalizi, moja baada ya jingine, mpaka nikampata mchawi. Wakati huo wote nilikuwa najisifu kwa watu kwamba nimejitegemea. Mwaka mzima niliandika makala sita.

Kisha mwaka ukaisha, na domeni nayo ikaisha. Vikumbusho vilitumwa kwenye barua pepe niliyoiacha zamani, na kadi ya benki niliyosajilia ilikuwa imebadilishwa. Sikujua lolote mpaka msomaji mmoja aliponiandikia: "Mbona kwako siku hizi ni matangazo matupu?"

Nikaanza kusoma sheria ambazo ningepaswa kuzisoma mwanzo. Domeni ya .com ikiisha muda, msajili, yaani kampuni uliyosajilia jina, anaweza kukupa hadi siku 45 za kuilipia kawaida, ingawa wengine hukupa chache zaidi. Zikipita, inaingia kipindi cha siku 30 cha kuikomboa, na hapo unalipa faini juu ya ada. Baada ya hapo hukaa siku 5 ikisubiri kufutwa, ambapo huwezi kuigusa, halafu inakuwa ya yeyote atakayewahi. Mimi niligutuka nikiwa ndani ya zile siku 30. Nililipa, na faini ilikuwa mara kadhaa ya ada ya mwaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno "kununua" domeni ni la kujifariji tu. Sisi ni wapangaji. Kwa .com huwezi kulipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo, na hata mwisho wa anwani wenyewe unaweza kufa: .yu ya Yugoslavia ilizimwa mwaka 2010, nchi yenyewe ikiwa imeshatoweka.

Sisemi wanaodharau vya bure wamekosea kote. GeoCities ilikuwa mji mzima wa kurasa za watu, na mwaka 2009 ilifungwa Marekani. Posterous, huduma nyingine ya blogu za bure, ilizimwa tarehe 30 Aprili 2013, na anwani zote zilizoishia kwa jina hilo zikawa njia zisizofika popote. Aliyetegemea jina la mwenye nyumba alibaki hana pa kuwaelekeza wasomaji, hata kama maandishi aliyaokoa. Hoja hiyo naikubali. Ila ni hoja ya jina, si ya seva, wala haihusiani na kama mtu anajua kuandika. Halafu huyo Blogger tunayemcheka alizaliwa mwaka 1999, Google ikamnunua mwaka 2003, na bado yupo.

Basi nikarudi. Blogu yangu ya zamani sikuwa nimeifuta (uvivu wakati mwingine una baraka), kwa hiyo zile makala mia mbili zilikuwa bado pale pale. Nilichofanya ni kuiambia Blogger itumie domeni yangu, jambo ambalo haitozi hata senti. Inakupa rekodi mbili za CNAME, yaani maelekezo ya kulipeleka jina moja kwenye jingine, za kuweka kwa msajili wako: moja ya www inayoelekea ghs.google.com, na nyingine ndefu ya kuthibitisha kwamba domeni ni yako. Unaongeza na rekodi nne za A, zinazolielekeza jina kwenye namba za seva, ili hata asiyeandika www afike.

Ingekuwa kazi ya nusu saa, kama nisingenakili jina zima la domeni kwenye kisanduku cha msajili. Kile kisanduku huongeza domeni chenyewe mwishoni, kwa hiyo rekodi yangu ilikuwa na jina mara mbili, kama mtu aliyeitwa Juma wa Juma. Jioni nzima Blogger ilinikatalia na mimi nikailaumu. Nilipofuta lile jina la ziada, ikakubali. Nikawasha HTTPS, njia salama ya kufungua tovuti, cheti chake kikaja bila malipo baada ya kusubiri kidogo, na anwani ya zamani ya blogspot ikaanza kuwapeleka watu kwenye mpya yenyewe.

Mwezi uliofuata yule mwenzangu aliniandikia kunipongeza. Alisema sasa inaonekana ni tovuti ya mtu makini. Ni mandhari ileile na seva ileile aliyoikataa simuni mwangu. Sikumwambia.

Nilibadilisha barua pepe kwa msajili, nikalipia miaka mitano, nikawasha ulipaji wa kujirudia. Kila tarehe mosi napakua faili la makala zote na kuliweka kwenye diski yangu, kwa sababu hilo faili ndilo kitu pekee katika shughuli hii yote ambacho sijapanga kwa mtu.

Zilibaki zile makala sita za mwaka wa kujitegemea. Faili linalotoka WordPress halikubaliki Blogger bila kugeuzwa muundo, nikaona kwa idadi hiyo ni afadhali ninakili kwa mkono. Nikazifungua. Mbili zilikuwa za kuwakaribisha wasomaji kwenye makazi mapya. Moja ilikuwa ya kuomba radhi kwa ukimya. Nilihamisha tatu.