Kitambaa kwanza, nguo baadaye: pamba na kitani kwa safari ya pwani wakati wa kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, mchana wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Lamu hufika nyuzijoto 31 hadi 33, na usiku nafuu ni ndogo. Kinachochosha zaidi ni unyevu wa hewa: jasho linatoka lakini halikauki. Hapo ndipo aina ya uzi inapoamua kila kitu. Pamba hata ikiwa kavu mkononi imebeba maji ya kama asilimia 8 ya uzito wake, kitani kama asilimia 12, poliesta haifiki hata asilimia 1. Pamba inalinywa jasho. Poliesta inaliacha juu ya ngozi, kisha inagandia mgongoni. Tena poliesta hushika mafuta ya jasho, ndiyo maana shati lake hurudi kunuka dakika chache baada ya kuvaliwa, hata kama limefuliwa jana.

Ushauri wangu kwa anayejiandaa na safari ya wiki moja au mbili ni huu: usianze kutafuta shati, tafuta kitambaa. Nguo za dukani za pamba tupu ni chache, na nyingi zinazoitwa pamba si pamba. Muuzaji anaweza kukuambia "hii pamba asilimia mia" naye akiamini kabisa, maana ndivyo alivyoambiwa alikonunua. Kwa hiyo pima mwenyewe.

Anza kwa kukikunja. Kamata pembe ya kitambaa ndani ya ngumi, bana kwa sekunde kumi, achia. Pamba na kitani hubaki na makunyanzi. Poliesta hujinyoosha kama hakuna kilichotokea. Kipimo hiki kinachuja haraka lakini hakitoshi, kwa sababu viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na mti, nayo hukunjamana, na kitambaa kilichotiwa wanga mwingi hudanganya. Sugua kidogo kwa kidole gumba: wanga ukiwa mwingi, unga mweupe utatoka.

Kipimo cha kuaminika ni moto. Omba uzi wa sentimita tano kutoka ukingoni, mmoja wa urefu na mmoja wa upana, kwa sababu kuna vitambaa ambavyo nyuzi za urefu ni pamba na za upana ni poliesta. Ushike kwa kibanio, mbali na nguo nyingine, uwashe. Pamba na kitani huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na kuacha jivu laini la kijivu linalopotea ukilisugua. Poliesta hujikunyata kabla ya moto kuifikia, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na kuacha tone gumu lisilovunjika kwa vidole. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Ukipata jivu lenye vipunje vigumu ndani yake, huo ni mchanganyiko. Tetroni ya sare za shule mara nyingi ni poliesta asilimia 65 na pamba 35, na hata pale inapoonekana laini, mwilini itakuwa na joto la poliesta.

Moto hautakutenganishia pamba na viskosi, kwa sababu viskosi hutengenezwa kwa mti na huwaka vilevile. Hapo tumia maji. Lowesha katikati ya uzi, kisha uvute ncha zote mbili. Viskosi hukatika pale palipolowa, kwa kuwa ikiwa na maji hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Pamba ikilowa huwa imara zaidi, hivyo hukatikia pakavu. Viskosi si adui. Ni nyepesi na inapoa mwilini, na madira mengi ya sasa ni viskosi. Shida yake ni safarini: ikifuliwa kwa mkono na kukamuliwa kwa nguvu kila usiku, huchakaa na kupoteza umbo mapema.

Kuhusu majina ya vitambaa, wazee wa biashara ya nguo walituachia maneno ambayo bado yana kazi. Bafta ni pamba nyeupe nyepesi. Melimeli ni nyembamba zaidi, laini, inayopitisha hewa vizuri kuliko zote, ila inaonyesha mwili. Poplini imefumwa kwa kubana, inafaa mashati. Marekani ni pamba isiyong'arishwa, nzito kidogo. Ililetwa Unguja karne ya 19 na merikebu za Salem, Massachusetts, jina la nchi likabaki kwenye kitambaa. Na usichanganye kitani na katani: kitani ni cha nguo, katani ni nyuzi za mkonge za kamba na magunia.

Kwenye vitenge kuwa mwangalifu kuliko kwingine kote. Kipande cha yadi 6 chenye rangi kali na bei ya chini sana mara nyingi ni poliesta. Geuza upande wa nyuma. Kitenge cha nta halisi kina rangi karibu sawa pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja tu huwa kimefifia nyuma. Lakini upande wa nyuma unakuambia namna kilivyochapwa, haukuambii uzi. Rudi kwenye moto. Kanga nazo zimo za pamba na za poliesta, na kikoi hivyohivyo kinaweza kuwa cha viskosi, ambacho utakitambua kwa kung'aa na kuteleza mkononi. Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, na Biashara Street, Mombasa, utapata vyote mlango kwa mlango, hivyo hakuna sababu ya kununua cha kwanza ulichoonyeshwa.

Uzito wa kitambaa ndio watu wengi wanaousahau. Kwa shati tafuta gramu 110 hadi 150 kwa mita ya mraba, kwa suruali 160 hadi 200. Jinzi ya kawaida inakaribia 400, na ikilowa pwani haikauki siku moja. Kama duka halijui gramu, na mara nyingi halijui, inua tabaka moja la kitambaa kwenye mwanga. Ukiona umbo la mkono wako nyuma yake, ni chepesi cha kutosha kwa shati. Ukihesabu vidole vizuri, ni chepesi mno kwa jua: fulana nyeupe nyembamba ya pamba haizuii jua vya kutosha, na ikilowa uwezo wake unapungua tena. Kwa saa tatu ndani ya jahazi, shati la poplini lililofumwa kwa kubana, la rangi ya kati, lenye mikono mirefu, lina faida kuliko melimeli nyeupe.

Mitumba ni njia nzuri sana, hasa kwa kitani, ambacho kwa mita ni ghali. Kwenye masoko ya Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi, mashati ya kitani huchanganywa na mengine bila kutengwa. Tafuta lebo kwenye mshono wa ubavuni, kwa ndani. Pamba imeandikwa Cotton, Coton, Baumwolle, Algodón, Cotone au Bomull. Kitani ni Linen, Lin, Leinen au Lino. Elastane, yaani uzi unaovutika, ya asilimia 2 au 3 kwenye suruali haina madhara. Neno Bamboo kwa kawaida lina maana ya viskosi. Kabla ya kulipa, angalia makwapa na kola kwenye mwanga, na vuta kitambaa cha matakoni kwa dole gumba: kama nyuzi zimeachana, kimekwisha.

Ukishanunua kitambaa kipya, usikipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Pamba ambayo haikutayarishwa kiwandani inaweza kurudi asilimia 5 hadi 10, kwa hiyo mikono ya sentimita 60 inaweza kukupungukia sentimita 6. Loweka kitambaa kizima kwenye maji ya moto kwa saa moja, bila kukikunja sana, suuza mpaka maji yatoke safi, anika kikiwa kimenyooka, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo. Rangi kali zioshe peke yake. Chumvi kwenye maji haiishiki rangi ya nguo iliyokwisha kuchapwa. Kinachosaidia ni kuisuuza tu. Nunua asilimia 10 zaidi: shati la mikono mirefu la mtu wa umbo la kati linataka mita 2.25 za kitambaa cha upana wa sentimita 150, au karibu mita 2.75 za upana wa 115.

Kwa fundi, sema mambo haya kabla hajashika mkasi. Kifua kizidi kipimo cha mwili kwa sentimita 15 hadi 20, hewa ipite. Mikononi aweke kikwapa cha sentimita 10 kama cha kanzu. Shati lisilo na kikwapa huchanika pale kwanza, kwa sababu jasho hulainisha mshono na mkono unavuta. Mishono ya ubavuni ikunjwe na kupigwa nyuzi mbili kama ya jinzi badala ya ovaloki pekee, maana kitani huachia ukingoni. Bitana asiweke. Mifuko ya suruali ataifanya kwa tetroni usipomwambia, nayo ndiyo inayokaa pajani siku nzima, mpe bafta. Uzi wa cherehani wa poliesta hauna tatizo lolote. Kola asiibandike kwa kitambaa kigumu cha pasi, kwa kuwa ndicho kinachofanya malengelenge baada ya kufuliwa mara chache.

Kwa siku kumi, mashati matatu, suruali mbili, kikoi kimoja na doti moja ya kanga vinatosha. Shati la namna hii lina kama gramu 250, chini ya nusu ya jinzi moja. Kanga moja ni taulo, ya pili ni shuka au mtandio wa kujifunika mabega unapoingia Mji Mkongwe, ambako magoti na mabega wazi ni kuwakosea wenyeji adabu.

Kila jioni fua shati la siku hiyo, usilinyonge. Likunje ndani ya kanga kavu, likanyage kwa miguu, kisha litundike chini ya feni likiwa limefungwa vifungo viwili vya juu. Asubuhi kagua kola na kingo za mifuko, ambazo hukauka mwisho. Kama bado ni mbichi, livae mwilini. Usilifungie kwenye begi, kwa sababu kwa unyevu wa kaskazi siku moja au mbili zinatosha kuota kawa, na madoa yale meusi kwenye pamba nyeupe hayatoki kwa sabuni.