Nilivyojifunza kumpozisha mteja studio, Dodoma hapahapa

Mi nilianzia kupiga picha nje, Nyerere Square na kwenye mahafali ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kule Chimwaga, na huko mtu anajipanga mwenyewe, ana joho, ana maua, mashosti wanamchekesha pembeni, we kazi yako kubonyeza tu. Sasa studio ni habari nyingine. Mtu anaingia kwenye kachumba Majengo, taa inamwangalia usoni, anakakamaa kama anapiga ya pasipoti, na ukimwambia "jiachie" ndo kwanza anazidi kukaza.

Kilichonitoa ni kuanza kusimama mimi kwenye bekigraundi napozi yeye anaangalia, wanacheka sana hapo lakini wakicheka tayari mabega yashashuka. Halafu nimeachana kabisa na kushoto kulia maana kila saa ni "cha kwako au cha kwangu kaka?" Nasema geukia mlangoni, pua ielekee kwenye feni, mkono wa upande wa dirisha weka mfukoni. Hakuna anayepotea.

Napanga kuanzia miguuni. Uzito wote mguu wa nyuma, hapo kiuno kinajivunja chenyewe na mwili unakaa upande. Kiwiko kisigande mbavuni, acha kanafasi kadogo, mkono ukibanwa unatanuka kwenye picha. Kidevu sikitaji kabisa aisee, ukitaja kidevu mtu ananyanyua, unabaki unapiga matundu ya pua! Namwambia "lete paji la uso kwangu kidogo", shingo inarefuka na taya linachongoka.

Kamera naiseti mapema, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (tundu la lensi), 1/125 (kasi ya shata, sehemu ya sekunde) na taa iko juu kidogo ya macho kwa pembeni, sigusi tena, nikianza kuhangaika na vitufe mteja anadhani yeye ndo mbaya. Lensi natumia ya milimita 50 kwa vile chumba chenyewe kifupi, ila za uso nasogea nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, ukimkaribia sana pua inakua kubwa kuliko mwenyewe.

Kuna mama mmoja wa makamo mkulima wa zabibu, alikaa kwenye stuli kama yuko mahakamani. Nishampa shikamoo, kitenge nikamwomba binti yake amwekee vizuri (mi nguo ya mteja sigusi, hasa mtu mzima), bado kagoma kulegea. "Sasa nicheke mwanangu?" Nikamwambia hapana mama, we nielezee tu bei ya zabibu msimu huu. Weee! Mikono ikaanza kuongea, macho yakawaka, akawasema wanunuzi mpaka basi na mi nabonyeza tu. Ile aliyokunja uso kidogo akiwa katikati ya maneno ndo aliyoichagua, za kutabasamu akaziacha.

Na kwa hali ya hewa ya huku, hasa kipupwe kile cha mwezi wa saba na upepo wake, mteja anafika midomo imepasuka, mikono imepauka, kwa hiyo mafuta na tishu viko mezani muda wote. Paka kidogo tu, ukizidisha flashi inang'aa kwenye paji.

Wale wa kufumba macho kila flashi ikiwaka, nawaambia fumba kabisa, nahesabu moja mbili tatu, fumbua, napiga hapohapo.