Sawa mara saba, shida mara kumi na moja

Jumatatu hii nikiwa kazini binti yangu aliniandikia neno moja tu: "Mambo?" Kabla sijafikiri, kidole kilikuwa kimeshajibu "Sawa". Nikabaki naitazama ile sawa, na Shangazi akanijia akilini, yeye na beseni lake.

Ilikuwa 2008, enzi zile za chumba kimoja Majengo. Shangazi alikuwa ameanza ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, na kliniki ikamwingiza katika utafiti wa WelTel. Kila Jumatatu wauguzi wanatuma "Mambo?", nawe una saa 48 za kujibu Sawa au Shida. Ukisema shida, au ukinyamaza, muuguzi anakupigia. Humo hamna neno dawa wala virusi, kwa hiyo jirani akiishika simu yako anaona salamu tu. Jambo hilo lilimtuliza Shangazi kuliko maelezo yote aliyopewa.

Simu yetu ilikuwa moja, Nokia ya tochi, na mwandishi nilikuwa mimi, kwa kuwa Shangazi hakuwahi kukaa darasani. Wiki za mwanzo nilikuwa namuuliza kabla ya kujibu. Baadaye nikaacha kuuliza.

Jioni moja amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Siku zile kila jioni ilikuwa hivyo. Alisema nyayo zinamwaka kama amekanyaga majivu ya moto. Simu ikalia. Nikaichukua, nikaanza kubonyeza 7.

"Unaandika nini, baba?"

"Sawa, Shangazi. Kama kawaida."

Akafungua fundo kwenye pindo la leso, akamimina vidonge mezani. Vilikuwa tisa, vimeshaanza kuchakaa kwa jasho.

"Hivi ni vya jioni. Nikivimeza silali. Andika shida."

Nikafuta. Kwenye simu ile Sawa ilikuwa mibonyezo saba. Shida ni kumi na moja. S peke yake ni kitufe cha 7 mara nne, maana ni herufi ya nne hapo. Halafu H na I zinakaa kitufe kimoja, cha 4, kwa hiyo ukishapata H lazima usubiri kile kistari kisogee ndipo ubonyeze tena; ukiharakisha inakugeukia herufi nyingine. Niliharakisha. Nikafuta, nikaanza upya, huku maji yakitikisika ndani ya beseni kila alipokunja vidole vya miguu. Hakusema neno mpaka aliposikia ule mlio wa ujumbe kuondoka.

Kesho yake asubuhi muuguzi alipiga, wakaongea muda mrefu, na kliniki ikambadilishia dawa. Ile ya kwanza ilikuwa na stavudine ndani, ambayo mwaka uliofuata WHO ilishauri nchi ziiache polepole kwa sababu ya madhara kama hayo ya mishipa ya fahamu.

Matokeo ya utafiti yalichapishwa 2010 katika jarida la Lancet: wagonjwa 538 wa Nairobi na Kajiado. Kati ya waliotumiwa ujumbe, 62 katika kila 100 walimeza dawa ipasavyo. Kwa wasiotumiwa ni 50. Nilifurahi, na bado nafurahi, maana muuguzi yule asingejua habari za beseni letu kwa njia nyingine. Lakini nilifikiria pia nyumba nyingine za simu moja, na watoto wenye vidole vyepesi kama vyangu.

Sasa Shangazi anameza kidonge kimoja kwa siku. Nyayo hazikupona zote. Huvaa soksi hata Februari. Zile wiki ambazo sikumuuliza sijawahi kumwambia. Huenda anajua. Jioni ile aliniuliza naandika nini bila kunitazama, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye pindo la leso.