Sauti ya Mwiko

Sukari ya shira ya Idd mwaka 2016 tuliikusanya chumba kwa chumba. Mpangaji wa chumba cha mbele alileta nusu kilo kwenye mfuko wa karatasi. Kijana wa bodaboda aliyekaa chumba cha pili alitoa robo, akaomba radhi kwamba duka alilopita siku hiyo lilimpimia kila mteja robo tu. Mama wa chumba cha mwisho, Mkristo, mwenyeji wa Rombo, hakuwa na wajibu wowote kwa Idd yetu, lakini alikuja na kopo la maziwa ya unga limejaa sukari mpaka ukingoni, amelifunika kwa kiganja kama anayekinga mshumaa. Bibi alipokea kila kilicholetwa, akataja jina la mleta, mimi nikaandika kwenye daftari. Jumla ilikuwa kilo 4 na robo.

Aliyeishi Dar es Salaam mwaka ule hahitaji kukumbushwa. Kila masika viwanda vya sukari husimama kwa sababu miwa haivuniki kwenye matope, na safari ile upungufu ulizidi kiasi. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,800 kwa kilo. Duka la mtaani kwetu Magomeni lilifika 2,800, na kuna siku muuzaji alitikisa kichwa kabla hujafungua mdomo. Ramadhani iliingia mapema Juni hali ikiwa hiyo hiyo. Kwa hiyo kilo 4 na robo ndani ya nyumba moja zilikuwa amana ya watu.

Shira ya nyumba yetu ilikuwa kazi ya Bibi miaka yote. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, na kila mkesha wa Idd alikuwa akiinjika sufuria moja kubwa kwa ajili ya vyumba vyote. Alipika shira mbili. Nzito, vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, hiyo ya kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaanga. Nyepesi, sukari na maji sawasawa, ichemke mpaka sukari iyeyuke kisha kidogo tu zaidi. Hiyo aliijaza kwenye chupa, na siku ya sikukuu watoto walichanganyiwa na maji ya ndimu na barafu, wakubwa wakawekewa kijiko kwenye maziwa baridi. Hata leo nikiona mtu anamimina rangi nyekundu ya dukani kwenye maziwa ya mgeni, naumia. Iliki ipo, mdalasini upo, na kazi yenyewe haimalizi saa nzima.

Mwaka ule Bibi hakuweza. Wiki moja kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa bado na ukungu likisubiri zamu. Daktari alimkataza moshi, vumbi na kuinama. Akavishwa miwani myeusi mikubwa, akawa anakaa kwenye mkeka koridoni, mbali na jiko la mkaa. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, na mjukuu wa kike mwingine hakuwepo.

"Shira utapika wewe," aliniambia.

"Abee, Bibi."

Viungo nilivifuata Kariakoo asubuhi ya siku ile, chini ya yale mapaa makubwa ya zege yaliyofunguka kama miavuli. Bibi alikuwa amenifundisha kuchagua tangu nikiwa mdogo wa kubebeshwa kikapu. Iliki iwe ya kijani. Ipasue moja, punje za ndani ziwe nyeusi na zinatenata, si kahawia zilizokauka zinazocheza ndani ya ganda. Karafuu ibonyeze kichwa kwa ukucha, itoe mafuta. Ukiwa na shaka, idondoshe kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu. Na uangalie usiuziwe makonyo, vile vijiti vya kikonyo vinavyochanganywa ili mzani upande. Mdalasini nilinunua magome membamba yaliyojikunja, nikayavunja moja puani. Kwa kilo ya sukari Bibi hakuzidisha karafuu 6, alizihesabu. Karafuu ikizidi hutia ganzi ulimi, na ndiyo maana wazee waliiweka kwenye jino linalouma.

Nilianza baada ya futari. Ilikuwa siku ya 29 ya mfungo, redio imewashwa dirishani, uani kote watu wanasubiri tangazo la mwezi. Ukiandama, kesho Idd. Usipoandama, kesho tunafunga na kaimati zinakuwa za futari. Kwa vyovyote shira ilitakiwa.

Niliinjika kilo 3 na lita moja na nusu ya maji kwa ajili ya nzito, iliyobaki nikaiweka kando kwa ajili ya ile nyepesi ya chupa. Mdalasini na karafuu vikaingia mapema kwa sababu ni vigumu, vinahitaji muda kutoa walichonacho. Iliki niliyoitwanga kwenye kinu niliiacha mwisho kabisa. Harufu yake hupaa na mvuke, ukiiwahisha unaipikia majirani. Hayo yote nilikuwa nimeyaona kwa Bibi nikayashika. Nilichokuwa nimekiona bila kukielewa ni ndimu. Kila mwaka alikamua nusu ndimu ndani ya sufuria, na mimi miaka yote nilidhani ni ya ladha. Usiku ule nikaona ndimu itafunika harufu ya iliki niliyoihangaikia, nikaiacha kwenye ungo.

Kosa la pili lilitokana na hofu. Nilikuwa naogopa isiungue. Sukari ya watu wanane ile, na mkaa ulikuwa umeshika vizuri. Nikawa nakoroga. Povu dogo jeupe likawa povu kubwa zito, yale mapovu yanayochelewa kupasuka, nikafurahi, nikakoroga zaidi. Kwenye kingo za sufuria, juu kidogo ya shira, palikuwa pameota ukanda mwembamba mweupe kama chumvi kwenye jiwe la ufukweni. Niliuona. Nikaukwangua kwa mwiko na kuurudisha ndani, nisipoteze.

Haikuchukua hata dakika tatu. Shira iliyokuwa inang'aa kama kioo cha kahawia ilipata wingu katikati. Wingu likatanda. Mwiko, uliokuwa ukiteleza, ukaanza kukwaruza.

"Mama," Bibi aliita kutoka koridoni. "Mwiko wako umebadilika sauti."

Sikujibu.

"Ulikuwa unakoroga?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ndimu umetia?"

Nilinyamaza tena, na mtu wa kwanza kujua kwamba nalia alikuwa mama wa Rombo, aliyekuwa pembeni yangu akikanda unga wa kaimati. Aliacha unga, akanishika bega kwa mkono wenye donge, akasema pole mara moja tu.

Bibi alisema niipue, nimpelekee kijiko kimoja. Nilimkuta ameshanyoosha mkono. Alipuliza kijiko, akachota kidogo kwa kidole cha shahada, akakisugua na dole gumba karibu na sikio lake. Nakumbuka hilo kuliko jambo lolote la usiku ule: ile miwani myeusi imeelekea ukutani, kichwa kimeinama kidogo, na vidole viwili vikisugua punje ambazo nami nilizisikia, mchanga mwembamba kabisa.

"Imerudi sukari," alisema. "Haijapotea. Imerudi ilikotoka tu. Mna unga kiasi gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza kwa utulivu, kama aliyepanga hivyo tangu mwanzo. Kinachoharibu kaimati ndicho kinachotengeneza visheti. Shira ya kaimati lazima ibaki laini, ing'ae, inate. Ya visheti unataka ifanye hivi hivi, ikorogwe mpaka iwe nyeupe na kukauka juu ya kila kimoja. Kwa hiyo nusu tuifanyie visheti. Nusu ya pili irudishwe jikoni na kikombe kimoja na nusu cha maji na ndimu nzima, ifunikwe, na mwiko uletwe kwake.

"Uletwe huku nikauweke chini ya mkeka," alisisitiza, na nilimpelekea kweli.

Ule mfuniko una maana yake. Mvuke hugonga mfuniko, unageuka maji, yanateremka kwenye kuta za sufuria na kuziosha, ule ukanda mweupe usipate pa kuota. Na ndimu nilikuja kuielewa siku kadhaa baadaye, nilipokaa na madaftari yangu ya kemia niliyodhani nimeachana nayo. Asidi pamoja na moto huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi. Hizo hujipenyeza katikati ya wenzao na kuwazuia kujipanga safu, na bila safu hakuna punje. Punje moja tu ikiwepo, zote humkimbilia. Mimi niliwarudishia ukanda mzima kwa mwiko.

Wakati sufuria inayeyuka upya, uani pakageuka kiwanda. Mpangaji wa mbele alitoa unga, mama wa Rombo akatoa samli, mtu akakuna nazi tukapata tui zito. Tulikanda, tukakata vidonge vidogo, kila kimoja tukakibonyeza juu ya meno ya uma na kukikunja, kikatoka na mistari kama kombe la baharini. Vilipokwisha kukaangwa tulivimwaga kwenye beseni pana, ile nusu iliyoharibika tukaipasha na tone la maji mpaka ilegee, tukaimimina juu na kupepeta beseni watu wawili. Ndani ya muda mfupi kila kisheti kilikuwa kimevaa ngozi nyeupe yenye vidoa vya iliki. Katikati ya kupepeta redio ikatangaza mwezi umeonekana. Watoto walipiga kelele mtaa mzima. Sisi wawili hatukuthubutu kuliachia beseni.

Shira ya pili ilipochemka kiasi, Bibi alitaka kijiko tena. Safari hii aligusanisha vidole na kuviachanisha polepole mbele ya uso wangu. "Mimi sioni. Niambie, kuna uzi?"

Ulikuwepo. Uzi mmoja mwembamba, ukanyooka, ukanepa, haukukatika mpaka vidole vilipoachana karibu nusu inchi.

"Upo, Bibi."

"Ipua. Tia iliki yako."

Idd ilipita kama Idd zinavyopita: swala, shikamoo nyingi, watoto wa nguo mpya wakipokea sahani mlangoni. Kila chumba kilipata kaimati na visheti, na daftari lilinisaidia kuhakikisha hakuna aliyesahauliwa. Shira nyepesi niliipika asubuhi na mapema, kwa ndimu, bila mwiko, ikajaa chupa mbili za kioo nilizozichemsha kwanza. Moja iliisha siku hiyo hiyo.

Ya pili ilibaki dirishani. Siku ya pili ya Idd, alasiri, Bibi alitoka uani mwenyewe, mkono mmoja ukutani. Jiko lilikuwa limezimwa. Alivua ile miwani, akaichukua chupa, akainyanyua kwenye mwanga uliokuwa ukipita juu ya ukuta wa jirani, akafumba jicho la kushoto na kuangalia kwa lile jipya. Aliangalia muda mrefu. Chini ya chupa kulikuwa na karafuu mbili na kipande cha mdalasini nilichokisahau humo.

"Mdalasini umezidisha," alisema. "Rangi imekuwa nzito."

Kisha akaniomba glasi na maziwa.