Mawaridi yanayonukia yanakubali Lamu, mi ninayo uani

Watu wengi huku Lamu ukiwaambia una mwaridi uani unaochanua kila mara na unanukia kweli kweli wanakwambia haiwezekani, waridi ni la Naivasha na Limuru kwenye baridi, sisi Mungu katupa asumini na kilua tutosheke nazo. Mi nasema yawezekana kabisa, ila uchague mche uliozaliwa na joto.

Yale mawaridi ya duka la maua yamezalishwa ili yakae siku nyingi yakishakatwa, mengi harufu hayana, na yamezoea usiku wa baridi. Mi nilitafuta jamii ya Bourbon. Hilo ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion, kiko humu humu Bahari ya Hindi, mashariki ya Bukini, yaani Madagaska, watu wa kule walikuwa wakipanda mawaridi kama uzio wa kuzungushia shamba, waridi la Damaski na la Kichina pamoja, basi yakachanganyika yenyewe na mche mpya ukaonekana kwenye miaka ya 1810, mbegu zikapelekwa Ufaransa. Harufu imetoka kwa Damaski, na ile kuchanua tena na tena imetoka kwa Mchina. Wangu unaitwa Souvenir de la Malmaison, wa mwaka 1843, pinki ya kupauka, ua limejaa petali mpaka halina nafasi, niliagiza kitalu kimoja Nairobi.

Sasa maji, hapa ndipo penye kazi. Kisima chetu kina chumvi na mwaridi haupendi chumvi hata kidogo, majani yanaungua pembeni yanakuwa kahawia. Mamangu mkubwa aliniambia mapema, "Mwanangu, usiupe mayi ya kisima," kwa hivyo nakinga maji ya mvua ya paa kwenye tangi na hayo ni ya mawaridi tu, mtu asiguse. Kusi ikivuma inaleta chumvi ya bahari juu ya majani, basi asubuhi nayaosha juu na chini yakauke na jua, na wakati wa kaskazi kavu kuosha huko huko kunapunguza utitiri mwekundu unaojificha chini ya jani.

Sijapanda ardhini, mchanga wetu haushiki kitu. Niko na mapipa ya plastiki nimeyatoboa chini, udongo wa shamba kutoka Mpeketoni nimechanganya na samadi ya punda, na punda Lamu si shida jamani, ila samadi ikae miezi mpaka iwe nyeusi na isinuke, mbichi inaunguza mizizi. Jua la asubuhi lote, saa saba kuendelea kivuli cha ukuta.

Ua likinyauka usiliache likafunga tunda, mche ukiona una mbegu unatulia. Nakata mpaka kwenye jani la vipande vitano linaloangalia nje, natia samadi kidogo, na baada ya wiki sita hivi machipukizi mapya yanakuja na vitumba. Masika huyu Malmaison anasumbua, vitumba vikilowa vinaoza kabla ya kufunguka, navuta pipa barazani chini ya paa mpaka mvua ipungue, na majani yenye madoa meusi natoa nachoma.

Kuchuma ni alfajiri kabla jua halijapanda, harufu iko ndani bado, kukiwa na harusi au maulidi wanakuja kuniomba ya kutia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na mrehani na asumini, nami natoa kwa furaha sana.

Anayetaka mche, mwezi wa Juni na Julai kuna ubaridi kidogo, kata kijiti unene wa penseli kilichotoka kuchanua, ukipande kwenye mchanga na samadi iliyooza, ukifunike na chupa ya maji iliyokatwa, ukiweke kivulini. Dadangu alichukua viwili akaenda navyo Malindi, kimoja kimeshika na kimeshachanua.